Samaki-kandili wa Bahari ya Arabia na kazi ya taa zake

Swali: Nimesoma habari za samaki mdogo wa vilindini aitwaye Benthosema pterotum, ambaye ana taa mwilini, na kwamba katika Bahari ya Arabia peke yake wapo tani milioni 100. Naomba kuelimishwa: je, taa hizo humsaidia kuona gizani? Na kama kweli wapo wengi kiasi hicho, mbona hawavuliwi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa sehemu ya kwanza ya swali lako jibu fupi ni hapana. Taa nyingi za samaki huyu ziko tumboni na zimeelekezwa chini, upande ambao macho yake mwenyewe hayauangalii, na kazi yake kubwa ni kumficha. Sehemu ya pili inataka subira zaidi, kwa sababu hiyo tarakimu ya tani milioni 100 ina historia yake, na anayeijua historia hiyo huiheshimu tarakimu bila kuiamini kwa upofu. Hata hivyo maswali yako mawili yana shina moja. Chakula cha samaki huyu kiko katika maji ya juu, na maadui wanaowinda kwa macho wako huko huko. Karibu kila jambo la ajabu katika mwili na mwenendo wake, zikiwemo hizo taa, ni namna ya kula huko bila kuonekana.

Benthosema pterotum ni moja ya spishi zipatazo 250 za familia ya Myctophidae, ambao hapa nitawaita samaki-kandili. Alielezwa kisayansi mwaka 1890 na Alfred William Alcock, tabibu aliyekuwa pia mtaalamu wa viumbe katika meli ya upimaji iitwayo Investigator, kutokana na vielelezo vilivyopatikana Ghuba ya Bengal. Tangu hapo amepatikana katika Bahari ya Shamu, Ghuba ya Oman, Bahari ya Arabia, pwani ya Msumbiji, na kuendelea mashariki hadi magharibi ya Pasifiki. Hapendi sana katikati ya bahari kuu. Makazi yake hasa ni juu ya mteremko wa bara, pale sakafu ya bahari inapoanza kuporomoka kuelekea vilindini. Mtu mzima wa spishi hii kwa kawaida ana urefu wa sentimita 4 hadi 5, mara chache akifika 7, na uzito wake ni gramu moja au mbili tu.

Samaki aliyetoka wavuni hafurahishi sana macho. Magamba yake ni mepesi kubanduka, na mara nyingi anafika sitahani akiwa amekwaruzwa, nusu ya fedha yake imepotea na ngozi ya kahawia imebaki wazi. Lakini mlaze ubavu kwenye sinia jeupe, umtazame kwa kioo cha kukuzia, na utaanza kuona mpango. Jicho ni kubwa mno kwa kichwa chake. Mdomo umepasuka hadi nyuma ya jicho. Halafu, kuanzia chini ya taya, kupita kifuani na tumboni hadi kwenye mzizi wa mkia, kuna vidoa vya mviringo vyenye kung'aa kama lulu, kila kimoja kikiwa na duara jeusi pembeni, vimepangwa kwa safu zisizobadilika kutoka samaki mmoja hadi mwingine. Hivyo ndivyo viungo vya mwanga. Wataalamu wa uainishaji huvihesabu kifua kwa kifua na tumbo kwa tumbo, wakiangalia kipi kimepanda juu kidogo ya wenzake na kipi kimebaki mstarini, na kwa hesabu hiyo hutenganisha spishi ambazo vinginevyo zingefanana kabisa.

Kila kidoa kimeundwa kwa ustadi unaokumbusha kurunzi. Ndani kuna chembechembe hai zinazotengeneza mwanga. Nyuma yake kuna kikombe kilichotandikwa fuwele nyembamba za guanini zinazourudisha mwanga nje. Nyuma ya fuwele kuna rangi nyeusi inayozuia mwanga usivuje ndani ya mwili. Na mbele, gamba lililokuwa la kawaida limenenepa katikati likawa lenzi. Mwanga wenyewe hutokana na mmenyuko wa kemikali. Molekuli iitwayo selenterazini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya, na nishati inayoachiliwa hutoka karibu yote ikiwa mwanga, joto likiwa kidogo mno. Molekuli hiyo hiyo hutumiwa na viumbe wengi wa baharini wanaong'aa, na inaelekea samaki-kandili huipata katika chakula chake. Hapa ni vyema kuondoa dhana moja iliyoenea: baadhi ya samaki wa vilindini hufuga bakteria wanaong'aa, ambao huwaka wakati wote na hufichwa kwa pazia la ngozi, lakini samaki-kandili hana bakteria wa namna hiyo. Mwanga ni wake mwenyewe, na neva zake ndizo zinazoamua uwake lini na kwa nguvu gani.

Sasa kwa nini uelekezwe chini? Katika kina cha mita 200 hadi 300 mchana, mwanga wa jua uliosalia ni hafifu sana, na karibu wote ni wa buluu, kwa kuwa maji yamekwisha kumeza nyekundu, njano na sehemu kubwa ya kijani. Mwanga huo unatoka upande mmoja tu, juu. Mwindaji anayeogelea chini na kutazama juu huona uwanja wa buluu iliyofifia, na kila kinachopita katikati yake, hata kiwe kidogo kama kidole, huonekana kama kivuli cheusi. Ubavu wa samaki unaweza kufichwa kwa magamba yanayorudisha mwanga, na mgongo unaweza kufichwa kwa rangi nyeusi, ila hakuna rangi ya tumbo itakayoondoa kivuli hicho, kwa sababu tumbo halipati mwanga wa kurudisha. Njia pekee ni tumbo kutoa mwanga wake lenyewe. Samaki-kandili huwasha safu za chini kwa buluu inayokaribiana sana na ile inayoshuka kutoka juu, ya urefu wa wimbi wa takriban nanomita 470, na kwa nguvu inayolingana nayo, hata kivuli kikayeyuka katika uwanja. Akiwasha kupita kiasi ataonekana kama nukta angavu. Akiwasha pungufu ataonekana kama nukta nyeusi. Kwa hiyo anapaswa kupima na kurekebisha kila mara, wingu likipita, jua likishuka, au yeye mwenyewe akibadili kina. Baadhi ya samaki-kandili wana kiungo kidogo cha mwanga karibu na jicho, na kuna wanasayansi wanaodhani kwamba kinawasaidia kulinganisha mwanga wao na ule wa juu. Dhana hiyo naiona ya busara, ingawa kuithibitisha kwa samaki hai ni kazi ngumu, maana wengi hufa muda mfupi baada ya kutolewa baharini.

Taa za tumboni si taa zake zote. Katika jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu liitwalo Benthosema, dume aliyekomaa huwa na tezi ya mwanga juu ya mzizi wa mkia, na jike huwa nayo chini yake. Tezi hizo hufanya kazi tofauti kabisa na safu za tumbo: hutoa mmweko wa ghafla, mkali na wa muda mfupi. Huenda hutumika kumtatiza adui, akashambulia mahali samaki alipokuwa badala ya mahali alipo. Huenda pia ni ishara kati ya dume na jike, jambo ambalo tofauti ya mahali pa tezi inalidokeza waziwazi. Vidoa vya ubavuni navyo haviwezi kuficha kivuli cha tumbo kwa kuwa haviko chini, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mpangilio wa taa za ubavuni hutofautiana kati ya spishi kiasi cha kuweza kutambulisha nani ni nani. Katika ulimwengu usio na miamba wala mipaka ya kuonekana, ambamo makundi ya spishi mbalimbali huchanganyika, kumtambua mwenzako wa uzazi ni suala la uhai wa spishi nzima, na inawezekana kabisa kwamba hii ndiyo sababu mojawapo ya familia hii kugawanyika katika spishi nyingi namna hii.

Kuhusu kuona, macho ndiyo yanayofanya kazi hiyo, na yanaifanya vizuri. Mboni ni pana, lenzi ni kubwa, na retina imejaa seli ndefu zinazohisi mwanga hafifu, zenye rangi ya kunasa mwanga iliyoegemea buluu. Kwa macho hayo samaki-kandili anaweza kuona mimweko ya wenzake na ya viumbe wengine bila kuhitaji kujimulikia njia. Kujimulikia, kwa kweli, kungekuwa hatari: mwenye kuwasha taa gizani huona hatua chache, lakini yeye huonekana na wote waliomzunguka.

Tuje kwenye safari, maana ndiyo inayounganisha habari hizi. Jua linapokaribia kuzama, samaki hawa huanza kupanda kutoka vilindini, na usiku huingia wakiwa katika mita 100 za juu, wakati mwingine karibu na uso wa bahari. Humo hula kopepodi, ostrakodi na viumbe wengine wa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea na maji, ambao wengi wao wamepanda pia. Kabla ya mapambazuko hushuka tena. Ukichukua safari ya mita 250 kwa muda wa saa moja na nusu, samaki wa sentimita 5 anaogelea karibu urefu wa mwili wake mmoja kila sekunde, bila kupumzika, kisha anarudia asubuhi. Kinachoongoza saa yake ni mwanga: hufuata giza linaposhuka na kuikimbia nuru inapopanda, na usiku wa mbalamwezi samaki-kandili wengi hubaki chini kidogo kuliko usiku wa giza.

Safari hiyo ina gharama ambayo haionekani kwa macho. Samaki huyu ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Katika kina cha mita 300 shinikizo ni takriban mara 31 ya lile la uso wa bahari. Katika mita 30 ni mara 4. Kiputo cha hewa kisichodhibitiwa kingepanuka karibu mara nane kati ya vina hivyo viwili. Hivyo samaki hulazimika kunyonya gesi na kuirudisha kwenye damu anapopanda, na kuijaza upya anaposhuka, kazi ya pili ikiwa ya polepole na yenye kutumia nguvu nyingi zaidi. Nakuomba uishike habari ya kiputo hiki, kwani tutaihitaji tutakapofika kwenye tani milioni 100.

Katika Bahari ya Arabia kuna jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo linalomfanya samaki huyu astahili kuchunguzwa kuliko ndugu zake wengi. Bahari hiyo imefungwa upande wa kaskazini na bara la Asia, kwa hiyo maji yake ya kati hayapati mchanganyiko mzuri kutoka nchi za baridi. Wakati wa kusi, pepo husukuma maji ya juu kutoka pwani za Somalia na Oman, na maji ya chini yenye virutubisho hupanda kuchukua nafasi yake. Planktoni hustawi kwa wingi, hufa, huzama, na wakati wa kuoza hutumia oksijeni. Matokeo yake ni tabaka kubwa la maji yasiyo na hewa ya kutosha, linaloanza kwenye kina cha mita 100 na ushei na kuendelea hadi mita 1,000 au zaidi. Maji ya juu huwa na mililita 4 hadi 5 za oksijeni kwa kila lita; ndani ya tabaka hilo kiwango hushuka chini ya mililita 0.5, na katika kiini chake chini ya 0.1. Jodari akiingia humo hawezi kukaa, kwa kuwa mwili wake wenye mbio na joto unahitaji oksijeni nyingi.

Benthosema pterotum hushinda humo mchana kutwa. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ni mdogo, na kwa sababu mchana hana kazi ya kufanya: halishi, haogelei sana, hutulia na kusubiri giza. Usiku hupanda kwenye maji yenye hewa, akapumua, akala na kulipa deni la mchana. Unaona basi kwamba kushuka kwake kuna faida mbili kwa pamoja, giza linalomficha na uhaba wa hewa unaowazuia wawindaji wakubwa kumfuata. Ngome hiyo ina tundu lakini, kwa kuwa wako ngisi wanaoweza kuvumilia maji hayo kwa muda, na pomboo hubeba pumzi yake kutoka juu.

Katika Bahari ya Shamu spishi hii hii inakabiliwa na tatizo la namna nyingine. Maji ya bahari nyingi hupoa sana vilindini, na ubaridi hupunguza kasi ya mwili, hata samaki akaweza kukaa na njaa siku moja au mbili bila kudhoofika. Bahari ya Shamu haipoi hivyo. Hata chini kabisa joto hubaki nyuzi 21 au 22. Chakula humeng'enywa haraka na mwili huendelea kudai, kwa hiyo kukosa mlo wa usiku mmoja ni hasara kubwa zaidi kwa samaki wa huko.

Maisha yake ni mafupi mno. Umri wa samaki hujulikana kwa kukata na kusaga vijiwe vidogo vilivyomo katika sikio la ndani, ambavyo huongezewa utando mpya kila siku, na kwa samaki huyu hesabu ya utando huonyesha kwamba wengi hawamalizi mwaka mmoja. Hukomaa wakiwa na urefu wa kati ya sentimita 3 na 4. Jike hubeba mayai kuanzia mamia machache hadi elfu kadhaa kwa mkupuo, idadi ndogo ukilinganisha na samaki wakubwa, lakini vizazi hupokezana haraka. Vifaranga huishi katika maji ya juu, na taa nyingi hukamilika wakati mwili unapogeuka kuwa wa samaki kamili na kuanza safari za kila siku.

Nafika sasa kwenye tarakimu. Asili yake iko kwenye vita. Mwaka 1942, watafiti wa Marekani waliokuwa wakijaribu vifaa vya sauti vya kugundua nyambizi karibu na San Diego walipata mwangwi kutoka kwenye tabaka lililotanda katikati ya maji, mahali ambapo hapakuwa na sakafu wala nyambizi. Kwa muda lilijulikana kama sakafu ya uongo. Mwaka 1945 Martin Johnson, mwanabiolojia wa taasisi ya Scripps, alionyesha kwamba tabaka hilo hupanda jioni na kushuka asubuhi, na hivyo halina budi kuwa viumbe hai. Sehemu kubwa ya mwangwi ule hutoka kwenye viputo vya hewa ndani ya samaki wadogo, samaki-kandili wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu hewa ndani ya maji hurudisha sauti kwa nguvu kuliko nyama au mfupa.

Miaka thelathini baadaye meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilianza kazi yake katika Bahari ya Arabia kwa ushirikiano na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Katika safari za mwaka 1975 na 1976 vifaa vyake vilirekodi matabaka mazito yasiyotarajiwa ya samaki wadogo kaskazini na magharibi mwa bahari hiyo, na makadirio yaliyotokana na kazi hiyo yalifika takriban tani milioni 100. Hapa naomba nisahihishe kidogo ulichosoma: hesabu hiyo ilihusu samaki wadogo wa ukanda wa utusitusi, yaani vina ambako mwanga wa jua ni hafifu, kwa jumla, ingawa Benthosema pterotum ndiye aliyetawala sehemu nyingi, hasa Ghuba ya Oman. Ili uone ukubwa wake, ukichukua gramu moja kwa kila samaki, tani milioni 100 ni samaki trilioni 100. Nao uvuvi wote wa baharini duniani kwa mwaka mmoja ni kama tani milioni 80.

Kwa nini basi nasema isiaminiwe kwa upofu? Kwa sababu chombo cha sauti hakihesabu samaki. Hupima nguvu ya mwangwi, kisha mtafiti huigawa kwa mwangwi anaodhani hutoka kwa samaki mmoja. Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, na kosa la desibeli 3 tu katika makisio ya samaki mmoja huongeza mara mbili au kupunguza nusu ya jibu la mwisho. Kosa la desibeli 10 hulizidisha mara kumi. Kile kiputo kinachobanwa na kupanuka kila siku hubadilisha mwangwi huo kwa kina na kwa saa. Wako pia viumbe kama sifonofori, ndugu wa kiwavi cha baharini, ambao wana viputo vyao vya gesi na huweza kupiga mwangwi mkubwa kuliko unene wao unavyostahili. Upande wa pili, nyavu zinazotumika kuhakiki huwapunja samaki, kwa kuwa samaki-kandili huuona au kuuhisi wavu na kuukwepa. Chombo kimoja huelekea kuzidisha, kingine kupunguza, na ukweli uko katikati mahali ambapo si rahisi kupawekea alama. Ndiyo sababu makadirio ya dunia nzima ya samaki wa ukanda huo yamepanda kutoka tani bilioni moja hivi, iliyokubaliwa mwaka 1980, hadi zaidi ya bilioni 10 katika utafiti wa mwaka 2014. Kwa Ghuba ya Oman nako makadirio yaliyofuata safari za kwanza yametofautiana sana, mengine yakiwa chini zaidi. Hata ukichukua la chini, hata hivyo, ni samaki wengi mno.

Kuhusu kwa nini hawavuliwi, majaribio hayajakosekana. Iran imefanya uvuvi wa majaribio katika Ghuba ya Oman tangu miaka ya 1990, ikimlenga samaki huyu huyu, kwa sababu ni mmoja wa wachache katika familia yake wanaojikusanya katika makundi mazito ya kutosha karibu na pwani. Afrika ya Kusini ilikwenda mbali zaidi kwa spishi nyingine, Lampanyctodes hectoris, iliyovuliwa kwa ajili ya unga na mafuta; mwaka 1973 walipatikana zaidi ya tani 40,000, lakini katikati ya miaka ya 1980 uvuvi huo ukakoma, sababu mojawapo ikiwa ni mafuta mengi ya samaki huyo yaliyosumbua mitambo ya viwandani.

Matatizo ni yale yale kila mahali. Samaki wa gramu moja anahitaji wavu wa matundu madogo sana, na wavu wa namna hiyo ni mzito kuukokota, kwa hiyo mafuta ya meli yanaweza kuzidi thamani ya kilichopatikana. Akishatolewa majini huharibika haraka, kwani vimeng'enya vya tumbo lake huanza kumla mwenyewe ndani ya muda mfupi, na meli isiyo na mitambo ya kuchakata humo humo itafika bandarini na uji. Kama chakula cha binadamu hajapata soko kubwa. Baadhi ya samaki-kandili wana nta katika mafuta yao, ambayo matumbo yetu hayawezi kuimeng'enya na husababisha kuhara. Kwa hiyo wanaomtafuta hufikiria unga na mafuta kwa ajili ya mifugo na samaki wa kufugwa, biashara ambayo faida yake kwa kila tani ni ndogo.

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi iko kwingine. Samaki aliyekula juu usiku na kujisaidia chini mchana hubeba kaboni kutoka maji ya juu kuipeleka vilindini, mahali inapoweza kukaa muda mrefu bila kurudi hewani, na matrilioni ya samaki wakifanya hivyo kila siku kazi yao si ndogo. Na hao hao ndio chakula cha jodari, ngisi na pomboo ambao uvuvi na utalii uliopo unawategemea tayari. Watetezi wa uvuvi huo hujibu kwamba samaki anayekufa ndani ya mwaka mmoja atakufa tu, avuliwe au asivuliwe. Ni kweli, ila hoja hiyo hugeuka mara moja dhidi ya mwenye kuisema, kwa sababu samaki wa aina hii hana akiba ya watu wazima wa miaka mingi ya kuziba pengo. Mwaka mmoja wa uzazi mbovu na samaki wa mwaka unaofuata hawapo. Nchi ya ukanda huo inayofikiria kutoa leseni isianze na tani zilizopo majini siku ya upimaji. Ianze na kiasi kinachozaliwa na kukua katika mwaka, ikipima kabla ya kusi na baada ya kusi, kwa sauti na kwa wavu vikienda pamoja, kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha itoe kwanza sehemu ya jodari na ngisi ndipo ihesabu kilichobaki kwa ajili ya kiwanda.